Usininyooshee Mstari

Mwaka jana nilitengeneza video ya sekunde 40 kuhusu usalama wa boda boda. Mteja alikuwa shirika ambalo sitalitaja, na pesa zilikuwa nzuri kwa viwango vya mtaa. Ilipokamilika ilionyeshwa jioni moja hapa Kaptembwo, kwenye kitambaa cheupe kilichofungwa kando ya steji ya boda. Wasee walikuja, wakapewa soda, wakakaa juu ya pikipiki zao. Barabara ikatokea ikionekana kutoka juu. Boda wangu wa katuni akaingia, akapinda kidogo kukwepa shimo, akarudi upande wake, akaendelea na safari. Polepole mwanzo, kasi katikati, polepole mwisho. Laini kama samli.

Steji nzima ikaangua kicheko.

"Hiyo barabara ni ya wapi, buda? Dubai?" mmoja akauliza. Mwingine akasema huyo jamaa haendeshi, amebebwa na malaika. Nilicheka nao, kwa sababu ukiaibika mbele ya watu thelathini, kucheka ndio mlango wa kutokea. Lakini nilijua kitu ambacho wao hawakujua. Mara ya kwanza sikumchora hivyo.

Mara ya kwanza nilifanya kazi yangu. Asubuhi tatu mfululizo nilisimama kwenye baraza la ploti ya ghorofa moja, kabla ya saa mbili, nikirekodi kwa simu sehemu moja tu ya barabara, pale shimo linapofuata tuta. Boda anafika akiwa na kasi. Anaona shimo akiwa amechelewa. Gurudumu la mbele linaruka kulia, anavuka hadi upande wa magari yanayokuja, na hapo habari inaanza: harudi mara moja. Ukingo wa kushoto una maji ya mtaro, kwa hivyo anabaki upande ambao si wake karibu sekunde mbili nzima. Kisha anarudi kwa vishindo viwili, kwa sababu abiria nyuma ameinama upande usiofaa. Ukichora njia hiyo kwa kalamu inafanana na saini ya daktari.

Niliweka video hiyo nyuma ya mchoro wangu kwenye kompyuta, nikashika mausi, nikamfuata boda kwa mkono. Pale alipopunguza nilipunguza. Pale alipostuka, mkono wangu ulistuka. Programu ikarekodi yote. Nikaituma nikiwa na raha.

Jibu likaja baada ya saa moja. "Kijana, mbona inatetemeka? Tafadhali inyooshe, iwe ya kiprofesheno."

Nikanyoosha. Nasema ukweli wangu hapa kwa sababu makala ya kulaumu wengine pekee ni rahisi mno. Nilikuwa na kodi ya nyumba, nikafuta njia ya mkono, nikaweka vituo vitatu, nikabonyeza kitufe kimoja cha kulainisha. Dakika tano. Nikalipwa. Zile sekunde mbili ambazo boda anakaa mbele ya matatu zikapotea. Nilikuwa nimelipwa kuonyesha hatari, nikaitoa hatari, nikaacha picha nzuri ya boda. Jirani yangu wa mlango wa pili anatembea kwa magongo kwa sababu ya sekunde mbili kama hizo. Alikuwa kwenye steji jioni ile. Yeye hakucheka.

Tangu siku hiyo nina ugomvi, na nataka tuumalize hapa. Ni ugomvi na kila mtu anayeita njia iliyochorwa kwa mkono kazi ya kitoto: wateja, walimu wa kozi za wiki sita, wenzangu animeta wa mjini, na mimi mwenyewe wa mwaka jana.

Kwa wale ambao hawajawahi kugusa hii kazi, wacha nieleze. Kitu kikisogea kwenye animesheni, kuna maswali mawili: kinapita wapi, na kinafika kila mahali saa ngapi. Njia ya kawaida ya kujibu ni kuweka vituo vichache muhimu, tuviite fremu kuu, kisha unaiachia mashine ijaze katikati. Njia ya pili ni kuchora safari yote kwa mkono huru, bila rula, na kitu kinafuata mstari wako. Kwenye PowerPoint inaitwa Scribble, na imekuwepo tangu toleo la 2002. Mwalimu yeyote wa sekondari ambaye amewahi kufanya nyuki azunguke ua kwenye slaidi ameitumia. Kwenye Flash ya zamani ulichora mstari kwa penseli kwenye leya ya kuongoza, ukakiambatisha kitu chako. Kwenye After Effects kuna Motion Sketch: unabonyeza, unaburuta, na mashine inanakili mkono wako hadi uachilie. Kwenye Blender, ambayo ni ya bure kabisa na msimbo wake ulifunguliwa mwaka 2002, unachora mstari na kukiamuru kitu kiufuate.

Vifaa vyote hivi vipo. Viko kwenye kompyuta za saiba zetu. Na karibu kila mtu niliyefunzwa naye animesheni aliambiwa avikimbie.

Sababu ya kwanza tunayopewa ni kwamba mkono huru ni wa wanaoanza. Wakubwa wanatumia fremu kuu. Mtu akikwambia hivyo, mwambie historia. Mwaka 1969 Ronald Baecker, akimalizia shahada ya uzamifu pale MIT, Marekani, alionyesha mfumo wa animesheni alioita GENESYS. Ulifanya kazi kwenye TX-2, kompyuta ileile ambayo Ivan Sutherland alitumia kutengeneza Sketchpad mwaka 1963. Baecker hakuanza na vitufe vya kulainisha. Alimpa mchoraji kalamu na kibao, akamwambia chora mwendo. Mashine ilinakili mahali kalamu ilipopita na wakati ilipopita, yote mawili pamoja. Ukisita, kitu kinasita. Ukikimbia, kinakimbia. Miaka 24 kabla ya toleo la kwanza la After Effects, tayari kulikuwa na mtu aliyeelewa kwamba mkono una ujuzi ambao mdomo hauwezi kueleza. Kwa hivyo hiki kifaa tunachoambiwa ni cha watoto kiko karibu na mzizi wa kazi yenyewe. Waliokuja baadaye ndio waliokikata nusu. Scribble ya PowerPoint, kwa mfano, inahifadhi umbo la mstari na kutupa wakati. Unaweza kuchora kwa hasira au kwa usingizi, kitu kitapita kwa mwendo uleule. Halafu tunashangaa kwa nini matokeo yanaonekana ya kitoto!

Sababu ya pili: mwendo mzuri ni mwendo laini. Hapa watu hupenda kutaja Disney. Kweli, Frank Thomas na Ollie Johnston, katika kitabu chao cha 1981, waliorodhesha kanuni 12 za animesheni, na mojawapo inasema viumbe husogea kwa tao na si kwa mstari ulionyooka. Nyingine inazungumzia kuanza na kumaliza polepole. Sina ugomvi na wazee hao. Lakini walizipata wapi kanuni? Walikaa wakitazama: miili, wanyama, waigizaji. Tao lilitokana na bega linavyozunguka na mguu unavyobembea. Wewe na mimi tumechukua jibu lao tukaacha kazi yao. Hatutazami. Tunabonyeza.

Tuongee basi kuhusu hicho kitufe. Kwenye After Effects kinaitwa Easy Ease, njia ya mkato ni F9, na kisipoguswa kinaweka thamani ya asilimia 33.33 kila upande wa fremu kuu. Fungua simu yako sasa hivi, angalia tangazo lolote lenye maandishi yanayoruka. Uwezekano ni mkubwa kwamba unaitazama hiyo 33.33. Nembo ya benki inaingia hivyo. Katuni ya chanjo inainua mkono hivyo. Mkokoteni wa maji unasimama hivyo. Mama anafunga duka hivyo. Dunia nzima imepewa goti moja.

Sasa toka nje ya mlango, hapa Kaptembwo, uhesabu. Jamaa wa mkokoteni mwenye madumu ishirini ya maji haanzi polepole kwa upole. Anaegemea mbele, hakuna kinachotokea, hakuna kinachotokea, halafu ghafla gurudumu linakubali na anakimbia asiumizwe na mzigo wake mwenyewe. Akitaka kusimama anaanza kusimama mita kumi kabla. Matatu ya kuelekea tao haisimami, inapungua tu kiasi cha konda kushuka akikimbia. Mtoto aliyetumwa maziwa anakwenda akiruka mitaro na kurudi akitembea kama ana bomu, kwa sababu pakiti imejaa na mama alimwambia asimwage. Safari ni moja, kwenda na kurudi, lakini ni mistari miwili tofauti kabisa. Ukiweka 33.33 kote, mtoto huyo amekufa. Imebaki picha yake inayosogezwa.

Ukishuka upande wa mbuga, pale Ziwa Nakuru, kuna heroe. Maji yalipopanda wengi walihamia Bogoria, lakini bado wapo wa kutosha kwa anayetaka kujifunza. Heroe hapai kama helikopta. Anakimbia juu ya maji kwanza, hatua baada ya hatua, shingo imenyooka mbele, na kwa muda unaona kabisa kwamba huenda asifaulu. Nimeona katuni nyingi za heroe wa Nakuru kwenye matangazo ya kaunti na ya hoteli. Karibu wote wanapaa kwa tao moja safi. Hakuna anayekimbia. Watu tunaoishi kilomita chache kutoka ziwani tunachora ndege ambaye hatujawahi kumwona, kwa sababu kitufe kilimwona kwa niaba yetu.

Na hapa ndipo ninapotaka tukasirike pamoja. Sisi watu wa sanaa Afrika Mashariki tumepigana vita vya heshima kuhusu picha. Tinga Tinga Tales ilipoanza kuonyeshwa BBC mwaka 2010, ilitengenezwa Nairobi, na sura yake ilitoka kwenye uchoraji ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga kule Dar es Salaam. Ng'endo Mukii, katika Yellow Fever ya 2012, alichanganya michoro na miili halisi ya wachezaji ili kuzungumzia ngozi na krimu za kujichubua. Ubongo Kids ikaanza Tanzania mwaka 2014, hesabu zikifundishwa kwa Kiswahili. Tumedai ngozi zetu, nywele zetu, vitenge vyetu, lafudhi zetu. Vizuri kabisa. Lakini kwenye kazi za kila siku, zile za matangazo na mashirika zinazotulipia kodi, mwendo bado tunauazima. Tunamvika mhusika leso ya Mombasa kisha tunamtembeza kwa templeti iliyonunuliwa mtandaoni. Anafanana na shangazi yako hadi anapoinuka kwenye kiti.

Najua majibu yenu. Nimeyasikia kwenye magrupu ya WhatsApp na mengine nimeyasema mimi.

Mtasema mkono huru unaleta uchafu. Ni kweli. Ukirekodi sekunde nne kwa fremu 25 kila sekunde, una vituo 100, na mteja akisema "sogeza kidogo kushoto" unalia. Mausi ya saiba ina mpira wa zamani na mkono wako umetoka kuosha nguo. Si kila mtetemo ni ukweli. Mwingine ni meza mbovu. Kwa hivyo sisemi usilainishe kamwe. Nasema ujue unachofuta. Mimi sasa nahifadhi nakala mbili: mstari mbichi na mstari uliosafishwa, nikiulinganisha kila badiliko na video niliyorekodi. Mtetemo wa meza unaenda. Mtetemo wa shimo unabaki. Hiyo ni kazi ya jicho, na hakuna kitufe kitakachokufanyia.

Mtasema muda ni pesa. Sawa. Kuchora njia ya sekunde nne kunachukua sekunde nne. Hata ukirudia mara ishirini ni dakika chache. Kinachochukua muda ni kwenda kutazama, na hapo ndipo tulipozembea. Tena ndicho kitu pekee tulicho nacho ambacho studio ya ng'ambo haina. Yule wa Toronto ana kompyuta bora, ana stima isiyopotea, ana templeti zote. Hana baraza linalotazama barabara ya Kaptembwo saa moja na nusu asubuhi. Ukiacha hilo ukashindana naye kwa kubonyeza F9, atakupiga, na siku hizi hata yeye anapigwa na mashine inayotoa video kwa kuandikiwa sentensi moja. Mashine hiyo hutengeneza kutokana na kile ilicholishwa. Kama sisi wenyewe hatujawahi kuchora jinsi boda wetu anavyokwepa shimo, itajua nini?

Mtasema, mwisho, kwamba mteja ndiye anayelipa. Hili ndilo gumu, na sitajifanya shujaa. Nilinyoosha mstari nikachukua pesa. Lakini nilikosea mahali pamoja ambapo ningeweza kufanya vingine hata nikiwa na njaa: sikueleza. Niliambiwa "inatetemeka" nikaona aibu, kana kwamba nimekamatwa na shati chafu. Ningeandika mistari miwili tu: huo mtetemo ni shimo, na hizo sekunde mbili ndizo zinazoua watu, ukiziondoa video haina kazi. Labda angekataa. Labda angeelewa, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa ofisini ambaye hajawahi kupanda boda kwenye barabara ile. Sikumpa nafasi. Aibu ya mtaa ilinifanya nikubali kwamba laini ndiyo profesheno na kukwaruza ni ushamba. Hiyo aibu ndiyo tunayofundishwa kwenye kozi, tena kwa ada.

Kwa hivyo nina madai, na ni machache. Mwalimu, usimpe mwanafunzi kitufe cha kulainisha wiki ya kwanza. Mpe kalamu, mpeleke sokoni, mwambie achore njia ya mtu mmoja tangu alipoingia hadi alipotoka, na aandike pembeni alisimama wapi na kwa muda gani. Mteja, kabla hujasema "inyooshe," uliza kwanza kwa nini imepinda. Na wewe mwenzangu unayesoma hii ukiwa na mradi wazi kwenye skrini, chagua kitu kimoja tu ndani yake, kimoja, ukichore kwa mkono kutoka kwa kitu ulichokitazama wiki hii.

Mimi nilianza na deni. Wiki mbili baada ya ile jioni nilirudi stejini bila kitambaa wala soda, na toleo la kwanza, lile linalotetemeka, likiwa kwenye simu. Nikawaonyesha watatu waliokuwa wakisubiri abiria. Hawakucheka. Mmoja, mzee wa makamo ambaye wote humwita Chairman, aliirudisha nyuma mara mbili. Kisha akaweka kidole kwenye kioo.

"Hapa umetudanganya," akasema. "Hatukai kulia hivi tukiwa na mtoto wa shule nyuma. Tukibeba mtoto tunasimama kabisa, maji yapite, gari lipite, ndio tuende. Hiki umechora ni mtu mzima amebebwa."

Nilikuwa nimesimama pale juu asubuhi tatu na sikuliona hilo. Nikafungua ukurasa mtupu kwenye simu, nikampa, nikamwambia achore ya mtoto. Akafuta kidole kwenye jaketi, akauliza, "Nianzie wapi, kwa tuta?"

Nikamwambia aanzie kwa tuta. Akaanza kuchora, na alipofika kwenye shimo kidole chake kikasimama, kikakaa hapo.